Hakimiliki Si Hataza: Fikiri Kabla Hujachapisha

Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye semina zetu: “Chapisha upesi. Jina lako likishatoka, kazi imelindwa.” Mimi nasema huo ni ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine inaweza kukugharimu.

Ukichapisha makala, hakimiliki inalinda maneno na michoro yako. Mbinu uliyoieleza hailindwi. Msomaji anaweza kuichukua akaitumia, na sheria ya hakimiliki haina la kumwambia. Kinacholinda uvumbuzi ni hataza, na hataza inataka uvumbuzi uwe mpya. Ukishautangaza, hata kwa bango tu kwenye kongamano, upya umeondoka. Kenya na Marekani zinakupa miezi 12 ya kuwahi. Mkataba wa Hataza wa Ulaya hauna huruma hiyo kwa makala uliyoichapisha mwenyewe.

Chukua mfano wa Georges Köhler na César Milstein, pale Cambridge. Mwaka 1975 walichapisha kwenye jarida la Nature njia ya kupata seli zinazotengeneza kingamwili za aina moja bila kukoma. Shirika la serikali ya Uingereza lililohusika na hataza lilipewa taarifa, lakini jibu lake lilikuja mwaka uliofuata: halikuona matumizi ya karibu. Kumbe makala ilishatoka zamani! Baadaye Taasisi ya Wistar ya Marekani ikapata hataza za kingamwili zilizotokana na njia hiyohiyo. Leo kingamwili za namna hii zimo kwenye vipimo vya ujauzito na dawa za saratani.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya wanasayansi wasiojua biashara. Hapo ndipo sikubaliani. Uwazi wao uliziwezesha maabara nyingi kuifanyia kazi mbinu ile, na Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 1984. Kutoa bure si kosa. Kosa ni uamuzi kujifanya wenyewe kwa sababu ya ucheleweshaji wa ofisi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kubonyeza “tuma”, jiulize kwanza. Je, kuna kitu cha kuwekewa hataza humu? Kama kipo, ni mali ya nani: yako, ya chuo, au ya mfadhili? Ongea nao kabla ya makala, bango au tasnifu kutoka. Halafu soma mkataba wa jarida mpaka mwisho. Wengine wanachukua hakimiliki yote. Leseni ya CC BY inakuachia hakimiliki, ila mtu yeyote anaweza kuitumia kazi yako, hata kibiashara, mradi akutaje.

Ukiamua kutoa bure, toa kwa moyo mweupe. Ila uamue wewe, na uamue mapema, maana maji yakimwagika hayazoleki.