Ufundi wa Kurusha Ngoma Mubashara

Mashindano ya ngoma za Wasukuma hayahitaji refa wala karatasi ya alama. Bagika na Bagalu huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watu huachiwa waende wanakovutwa. Waliozungukwa na umati mkubwa zaidi ndio washindi. Chimbuko lake ni ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na mpaka leo makundi hayo hukutana kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, na katika viwanja vya vijiji vya Shinyanga na Geita mavuno yakishaingia ghalani.

Siku hizi umati huo una sehemu isiyoonekana uwanjani. Vijana wa Kahama, Kakola, Katoro na Geita mjini huzirusha ngoma mubashara kupitia YouTube, TikTok na Facebook, wengi wao kwa mapenzi tu. Anayetazama anaweza kuwa mchimbaji aliyetoka zamu, au mama aliyeolewa mbali na kwao, au mwanafunzi wa Dar es Salaam ambaye bibi yake alikuwa mwimbaji wa wigashe, ngoma inayoimbwa watu wakiwa wameketi. Hao nao huenda wanakovutwa. Picha ikiganda, wanahama.

Kurusha ngoma vizuri ni ufundi, na sehemu kubwa ya ufundi huo hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe chochote. Nimeutazama kwa karibu mikononi mwa kijana mmoja wa wilayani Kahama, muuza vifaa vya simu, ambaye Jumapili zake za kiangazi ni za ngoma.

Siku moja kabla, hufika uwanjani na laini za mitandao miwili tofauti, akazipima zote. Hapimi kasi ya kushusha, ile inayofanya video zifunguke upesi, kwa sababu hiyo haimsaidii. Anachotafuta ni kasi ya kupandisha, ambayo mara nyingi ni ndogo zaidi. Akipata megabiti 4 kwa sekunde uwanja ukiwa mtupu, hupanga kurusha kwa 2, maana kesho alasiri mnara uleule utabebeshwa simu za uwanja mzima. Hapo ndipo wengi hushindwa: huweka picha ya ubora wa juu kabisa ambao simu inauweza, ikapendeza kwa dakika tano, watu wakijaa ikaanza kukatakata.

Hesabu ya bando nayo anaijua kichwani. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja hula takriban MB 900. Kwa megabiti 4 hula GB 1.8. Ngoma ya saa tatu, basi, ni GB 2.7 au GB 5.4, na kwa mtu anayelipia burudani hii kutoka mfukoni mwake, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama Jumapili ijayo atarusha tena au atakaa nyumbani. Kununua kifurushi kinacholingana na muda wa ngoma, na kubakiza akiba kidogo, kumemwondolea ile hofu ya kuchungulia salio kila dakika kumi.

Ustadi wake mkubwa uko kwenye sauti. Sauti safi ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki hata MB 60 kwa saa, yaani ni sehemu ndogo sana ya bando lote. Hata hivyo ndiyo inayomweka mtazamaji. Mtu atavumilia picha yenye ukungu iwapo anasikia maneno ya manju, lakini sauti inayokwaruza humfukuza hata kama picha inang'aa. Na ngoma ya Kisukuma ni mtihani mgumu kwa maiki: mapigo yake ni mazito, na yakiingia kwa nguvu kuliko maiki inavyoweza kubeba, sauti hupasuka, na hakuna njia ya kuirekebisha baadaye.

Kwa hiyo maiki yake haikai karibu na ngoma. Humfuata manju. Ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, amebandika sponji juu yake kuzuia upepo, na ameshusha kiwango cha kunasa sauti mpaka pigo kubwa kabisa lisifike kwenye alama nyekundu. Niliwahi kumwona akimwendea manju, mzee wa makamo mwenye njuga miguuni, kumwomba amvalishe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidude kitasikia sauti yangu, au ngoma tu?"

"Kitakusikia wewe kwanza, baba."

Akamvalisha, akamwomba aimbe kidogo wapigaji wakipiga kwa nguvu zao zote. Akarekodi kwa nusu dakika, akavaa spika za masikioni, akasikiliza ameinamisha kichwa. Akasogeza maiki kifuani kwa upana wa vidole viwili. Wakarudia. Mara ya tatu akatikisa kichwa kuridhia, na yule mzee, aliyekuwa akimtazama kwa makini muda wote huo, akawaambia wapigaji wote wamsikilize huyu kijana.

Kwenye picha anatawaliwa na kanuni moja: simu isitikisike. Sababu yake ni ya kiufundi. Programu ya kurusha hupunguza uzito wa video kwa kutuma zaidi kile kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Mkono ukitikisika, kila kitu hubadilika, hata miti na anga, na bando huishia kwenye vitu ambavyo hakuna anayevitazama. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ni ngumu zaidi: majembe yanarushwa juu na kudakwa, miguu mingi inakanyaga pamoja, vumbi linapanda. Simu ikiwa juu ya stendi imara, megabiti zile 2 zote huenda kwa wachezaji. Anapotaka kuonyesha miguu kwa karibu, husubiri wimbo uishe, akahamisha stendi, kisha akatulia tena.

Jua la saa nane nalo ni adui. Simu inayorusha huku inachajiwa hupata joto upesi, ikapunguza nguvu au ikajizima. Dawa yake ni mwavuli uliofungwa kwenye stendi, kava lililovuliwa, na pawa benki inayochomekwa mapema, kabla chaji haijashuka sana. Huzuia pia simu zinazoingia, kwa kuwa simu moja ya shangazi inatosha kukata matangazo.

Raha ya kazi hii ameipata alipoacha kuifanya peke yake. Mdogo wake wa kike hukaa kivulini na simu ya pili, akisoma maoni, akiitikia "mwadila" kwa kila anayesalimu, akieleza sasa wanacheza kina nani. Kwa kuwa matangazo huwafikia watazamaji yakiwa yamechelewa kwa sekunde kadhaa, hujibu kwa kutaja wimbo uliotangulia ili muulizaji asipotee. Wachezaji wakipumzika, nao hupumzika, baada ya kutangaza saa ya kurudi. Hapo burudani haigeuki mzigo.

Kuna adabu zake pia. Huomba ruhusa kwa viongozi wa kundi kabla ya siku yenyewe. Harushi mambo ya dawa za uganga, wala haonyeshi watoto kwa karibu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, heshima hiyo ina uzito wa kisheria pia, na kwa anayetaka kugeuza mapenzi haya kuwa chombo cha habari, kanuni za maudhui mtandaoni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ni za kusomwa mapema.

Ninaustahi ufundi huu kwa sababu unamtanguliza mwingine. Kila uamuzi wa kijana yule, kuanzia megabiti alizozipunguza hadi maiki aliyoisogeza vidole viwili, ulikuwa kwa ajili ya manju asikike na mtazamaji wa mbali asiachwe nyuma. Ndiyo maana naomba jambo moja kwa vijana wote wanaorusha ngoma kuanzia Mwadui hadi Nyarugusu. Msiziache mtandaoni pekee, kwa maana akaunti hufungwa na video hufutwa. Hifadhini nakala kwenye kadi ya kumbukumbu, andikeni tarehe, kijiji, jina la kundi na la wimbo, kisha mpeni manju nakala yake. Kazi ni yake kabla haijawa yenu, na wajukuu zake watakuja kuiulizia.