Kupima Mkono: Mwongozo wa Spa za Hoteli Kubwa za Bangkok

Shangazi yangu hakwenda Bangkok kustarehe. Alikwenda kutazamwa goti, kama wanavyokwenda watu wengi wa Pwani na jamaa zetu wa Muscat na Dubai. Tulifikia mtaa wa Nana, upande ule wanaouita Soi Arab, ambako vibao vimeandikwa Kiarabu na harufu ya nyama ya kuchoma inakupokea kabla hujashusha mizigo. Daktari alipomaliza kazi yake zilikuwa zimebaki siku nne, na mwanawe aliye Muscat akatulipia siku mbili katika hoteli kubwa yenye spa. Mimi, kwa kuwa nimekwisha andika sana juu ya safari, nilijiona ndiye mwalimu. Lakini shangazi ni somo wa zamani wa Mji wa Kale, Mombasa. Amesinga maharusi tangu sijazaliwa, kwa liwa, karafuu na asumini alizosaga mwenyewe. Nilipokuwa bado nahesabu nguzo za marumaru ukumbini, yeye alikuwa amekwisha mtazama mkandaji vidole na kutoa hukumu. Mengi ya haya ninayoandika ni yake.

Kwanza, usianzie hotelini. Anzia Wat Pho, hekalu la Buddha aliyelala, karibu na Kasri Kuu. Humo, katika miaka ya 1830, Mfalme Rama wa Tatu aliamuru elimu ya tiba ichongwe kwenye mawe ili isipotee, na miongoni mwake mna mabamba 60 yenye picha za mwili wa binadamu zilizotiwa mistari na vituo vya kubonyezwa. UNESCO iliyaingiza maandishi ya hekalu hilo katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2011, na mwaka 2019 ikautambua ukandaji wa Kithai wenyewe, nuad thai, kuwa urithi wa utamaduni. Shule ya ukandaji ya hapo ilianza mwaka 1955. Kuna banda ambamo unakandwa juu ya godoro, jirani yako anakoroma, feni inazunguka, na hakuna anayekuletea kitambaa cha baridi kwenye sinia. Lipa, lala, kandwa. Kwa nini? Kwa sababu ukitoka hapo umekwisha pata kazi iliyovuliwa mapambo yote, na kesho hotelini utajua kipi ni mkono na kipi ni pambo. Shangazi alipojinyoosha pale alisema tu, "Haya, sasa nina mizani."

Hotelini, usiupime ukumbi. Bangkok nzima inajua kupanga maua, na shada la asumini utavishwa hata kwenye hoteli ya wastani. Pima kelele. Huu ni mji wa tuktuk, wa pikipiki za kukodi, wa treni ya juu inayopita usawa wa madirisha tangu mwaka 1999, na wa boti za mkia mrefu ambazo injini zake hazina haya hata kidogo. Kazi ya kwanza ya spa ya mjini ni kukutoa humo. Hoteli ya Oriental, iliyofunguliwa mwaka 1876 na leo inaitwa Mandarin Oriental, ililielewa jambo hili vizuri: spa yake, iliyoanza mwaka 1993, haimo ndani ya hoteli. Imewekwa ng'ambo ya mto Chao Phraya, katika nyumba ya mti wa msaji, na unavushwa kwa mashua. Ukishuka kwenye gati umekwisha sahau foleni ya magari. Uvukaji ule ni sehemu ya tiba, ingawa hauandikwi kwenye orodha ya bei.

Si kila hoteli ina mto, lakini kila hoteli ina mpango wa jengo. Ukipelekwa kuonyeshwa chumba, mwache mwenyeji amalize sifa zake, kisha simama kimya dakika moja. Unasikia lifti? Unasikia mikokoteni ya wasafisha vyumba? Mimi niliwahi kulala kwenye spa moja ya kifahari, jina lake silitaji, ambayo ilijengwa chini ya chumba cha mazoezi. Kila nilipoanza kusinzia, mtu alidondosha chuma juu ya kichwa changu. Taulo zilikuwa nzuri sana.

Halafu kiyoyozi. Bangkok ina joto la kunata, na hoteli nyingi hujibu kwa kukugandisha. Mwili unaotetemeka haukandiki. Msuli unajikunja kujilinda, na mkandaji anabaki kupigana na baridi aliyoiwasha mwenzake. Chumba kizuri kina uvuguvugu kidogo, kiasi cha kukufanya ushangae ulipoingia na usahau baada ya dakika tano.

Sasa maswali. Spa yoyote itakupa karatasi ya kujaza: presha, kisukari, ujauzito, upasuaji, mahali panapouma. Karatasi si kipimo. Kipimo ni kama mkandaji mwenyewe ameisoma. Aliye hodari atarudia maswali mawili matatu kwa mdomo, akutazame unavyotembea, na akuguse nyayo kabla ya kusema lolote. Siku ile hotelini, mkandaji alipoona kovu la goti la shangazi, alikwenda kumwita msimamizi, wakashauriana, wakasema mguu ule hautaguswa hata ukilipiwa mara mbili. Mimi nilikereka. Shangazi alifurahi: "Anayejua kukataa ndiye anayejua kazi, mwanangu." Ukiwa na homa, au mguu umevimba baada ya safari ndefu ya ndege na unauma upande mmoja, spa inayokupokea kwa tabasamu bila kuuliza ni ya kukimbia.

Jambo moja zaidi la usalama, maana wengi hawalijui. Baadhi ya wakandaji wa Kithai hubonyeza kinena, juu ya mshipa mkubwa wa damu, wakaushikilia kwa muda mfupi kisha wakauachia, nawe unahisi joto likimiminika hadi vidoleni. Wao huita kufungua mlango wa upepo. Ni raha ya ajabu, lakini si ya mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo wala mjamzito. Aliyefundishwa vizuri atauliza kwanza, au ataruka kabisa.

Nije kwenye mkono wenyewe, maana ndipo fedha zako zilipo. Kiswahili kimetupa maneno yote ya kupimia, nasi tunayachanganya bure. Kupapasa ni kupitisha mkono juujuu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kutomasa ni kubonyeza kama anayechagua embe sokoni. Kufinya kunaumiza ngozi bila kuufikia msuli. Kuchua kunataka mafuta. Kukanda ni uzito unaoshuka polepole, unatulia, kisha unaondoka polepole vilevile. Katika hoteli za kifahari mara nyingi utapewa kupapaswa kwenye harufu nzuri. Wageni wengi huondoka wameridhika, kwa kuwa hawajawahi kukandwa.

Ukandaji wa Kithai wa asili hauna mafuta. Unavaa suruali pana na shati la pamba, unalala juu ya mkeka au godoro la chini. Jambo hili linawafaa sana wasafiri wetu wa kike wanaojisitiri. Omba tu mkandaji mwanamke unapoweka nafasi, hakuna atakayeshangaa. Kazi huanzia miguuni na kupanda, ikifuata mistari kumi wanayoiita sen sip, ambayo kwa elimu yao huanzia karibu na kitovu. Huna haja ya kuiamini mistari hiyo ili uipime. Angalia tu kama mkandaji anaifuata: kidole gumba kinapanda hatua kwa hatua, kwa umbali uleule, bila kurukaruka, na kinaporudi kinarudi njia ileile.

Fumbua macho mara moja umtazame mikono. Viwiko vimenyooka? Basi uzito unatoka kiunoni, na atafika saa ya pili akiwa na nguvu ileile. Viwiko vimekunjwa na mabega yamepanda? Anasukuma kwa misuli, na baada ya nusu saa atakuwa amechoka, utaanza kupapaswa. Kidole gumba kinatua kwa tumbo lake, si kwa ncha, na hakipiti juu ya mfupa. Pumzi yake huisikii. Mkono mmoja haubanduki mwilini kabla wa pili haujatua, ndiyo maana kwa mkandaji mzuri hujui kamwe ni mkono upi. Mguu wa kushoto unapata muda sawa na wa kulia. Nimehesabu mara nyingi, na hapa ndipo wavivu wanapoiba.

Tena atakuta fundo lako bila kuambiwa. Hatalivamia. Atazunguka pembeni, atarudi, ataliegemea, ataliacha, na baada ya robo saa atalirudia likiwa limelegea. Ikiuma sema "jep", yaani inauma, au "bao bao", yaani taratibu. Ukisema mara moja inatosha. Ukilazimika kusema mara tatu, mkandaji huyo anasikiliza saa ya ukutani.

Kwa wazee ulizia mtindo wa kikasri. Ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa ufalme, ambao mkandaji hakuruhusiwa kuwakanyaga wala kuwaegemea kwa goti: anakaa kwa adabu mbali kidogo na anatumia mikono peke yake, hakuna kiwiko, hakuna kukunjwa kama jamvi. Ndio aliopewa shangazi kwa mguu wake mzima na mgongo. Mkandaji wa kwanza alimkanda dakika kumi, shangazi akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Huyu anapapasa. Mwambie kwa adabu." Nilimwambia msimamizi, akaletwa mama wa makamo, mfupi, mwenye vidole gumba vilivyopinda nyuma kwa kazi. Alipoweka kiganja cha kwanza tu shangazi akafumba macho. "Huyu ana mkono." Hawakuwa na lugha ya pamoja hata neno moja, na kwa saa moja na nusu walielewana kuliko mimi ninavyoelewana na wote wawili.

Mwishoni huja bonge la dawa, luk prakob: majani na mizizi iliyofungwa kwenye kitambaa cha pamba na kupashwa kwa mvuke. Ndani mna plai, jamaa wa tangawizi mwenye rangi ya njano, pamoja na manjano, mchaichai, ganda la ndimu ya majani mawili, majani ya ukwaju, chumvi na kafuri. Shangazi alilinusa tu akataja nusu ya vitu hivyo. Bonge zuri linanukia jikoni na duka la dawa kwa pamoja, na linaacha doa la njano kwenye shuka. Likinukia manukato peke yake na shuka ikabaki nyeupe, limezamishwa kwenye chupa. Mkandaji lazima alijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Kisha huligusagusa haraka wakati bado ni la moto, na hulikandamiza likishapoa kidogo. Anayelibandika moja kwa moja hajali ngozi yako.

Mabwawa, sinia za matunda, chai ya mchaichai ya kuagia: vyote vizuri, vyote vinafanana. Nisikupotezee muda.

Vyeti visikubabaishe. Kozi ya msingi ya shule ya Wat Pho ni ya saa 30, na watalii huimaliza kwa siku tano wakarudi kwao na karatasi yenye muhuri. Usajili wa mkandaji kisheria unataka zaidi, na kozi ya kawaida ya kumfikisha huko ni ya saa 150. Kwa hiyo usiulize "Amesomea wapi?" Uliza "Amekanda miaka mingapi, na hapa mna naye tangu lini?" Hoteli inayowatunza watu wake hujibu mara moja, kwa fahari.

Kuhusu bei, soma alama mbili za kujumlisha zinazofuata tarakimu. Maana yake ni asilimia 10 ya huduma, kisha juu ya jumla hiyo kodi ya asilimia 7. Huduma ya baht 5,000 utailipia baht 5,885. Uliza pia dakika 90 zinaanza kuhesabiwa lini: unapolala mkekani, au unapovua viatu? Wengine huhesabu na kuoshwa miguu. Bahashishi mpe mkandaji mwenyewe mkononi. Ile ya huduma iliyo kwenye risiti usidhani yote inamfikia.

Na unapoweka nafasi, taka saa nne asubuhi, si saa mbili usiku. Saa mbili usiku mkandaji wako amekwisha kanda watu wanne au watano, na hata yule mama wa makamo ana vidole gumba viwili tu.