Kimya cha Kesang Tseten

Kesang Tseten, mwandishi na mtengenezaji filamu wa Nepal, aijua thamani ya neno. Kalamu yake imo katika filamu ya Mukundo (2000). Lakini katika Who Will Be a Gurkha (2012) ameliweka neno kando. Huko Pokhara, vijana wanashindania nafasi chache za uaskari katika jeshi la Uingereza, ajira iliyoanza 1815. Wanapimwa, wanahojiwa, wanapanda mlima mbio na tenga la kilo 25 mgongoni. Msimulizi hayupo.

Yupo atakayesema kwamba kunyamaza huko ni kukwepa hukumu. Sivyo. Kinachouma ni kwamba vijana wenyewe wanaomba wapite. Msimulizi angempa mtazamaji wa kumlaumu, naye akaenda zake kulala.