Je, Tabora Iliuzwa? Uhakiki wa Marejeo ya Mikataba ya Kimataifa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa maneno yanayosikika katika mabaraza yetu ni kwamba Sultani wa Zanzibar aliiuza Tabora kwa Wajerumani. Wengine husema kinyume chake: kwamba Tabora ilikuwa milki halali ya Sultani, ikaporwa. Kauli ya kwanza ni tuhuma dhidi ya maiti asiyeweza kujitetea. Ya pili ni dai la haki. Katika sheria yetu, tuhuma na dai vyote viwili vinahitaji bayyina. Basi bayyina hiyo iko wapi, na mwanafunzi aliyeko Tabora, mbali na maktaba kubwa za dunia, ataifikiaje?

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya mikataba iliyoigusa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, leo inasomeka bure kwenye intaneti. Tatizo lililobaki ni la namna ya kuisoma. Tunaona wanafunzi wetu, ambao hawakubali hadithi bila ya kuuliza isnadi yake, wanapokea maandishi ya mkataba kutoka kwenye tovuti bila ya kuuliza lolote. Katika makala haya tunazihakiki hazina hizo moja baada ya nyingine, kwa mizani ya suala hilo la Tabora.

KITABU CHA HERTSLET

Marejeo ya mwanzo anayoelekezwa karibu kila mtafiti ni mkusanyo wa Sir Edward Hertslet uitwao The Map of Africa by Treaty. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1894, na toleo la tatu, lenye juzuu tatu, likatoka mwaka 1909. Nakala zake zilizopigwa picha zinapatikana katika maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Kwa upande wa tarehe na maandishi ya mikataba, kitabu hiki kina faida kubwa, na hatumshauri mtu akiache.

Tukitafuta humo suala letu tunapata haya. Kwa barua zilizobadilishana Uingereza na Ujerumani tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886, madola hayo mawili yalikubaliana mipaka ya milki ya Sultani Barghash. Walimtambulia visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, baadhi ya miji ya pwani ya kaskazini, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini kwenda bara, yaani kama kilomita 18 na nusu. Tabora iko mamia ya kilomita kutoka pwani. Sultani hakuwa mmoja wa waliopatana; alitakiwa aridhie baadaye, naye akaridhia Disemba 1886 akiwa hana nguvu ya kukataa.

Kisha ukaja mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya madola hayo hayo. Katika kifungu cha 11, Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake ili Sultani aikabidhi Ujerumani sehemu ya pwani iliyobaki mkononi mwake, pamoja na kisiwa cha Mafia, kwa fidia ya haki. Mwaka huo huo Sultani Ali bin Said akakubali fidia ya marki milioni 4.

Kwa hiyo kilichotolewa kwa fedha kilikuwa pwani na Mafia. Tabora ilikwisha kutolewa nje ya milki ya Sultani miaka minne kabla, katika karatasi ya watu wengine, bila ya yeye kupewa hata senti kwa ajili yake. Anayesema kwamba Sultani aliiuza Tabora hana ushahidi katika mikataba hii.

Lakini na mwenye dai la pili asifurahi upesi. Kitabu hiki hakithibitishi pia kwamba Tabora ilikuwa milki kamili ya Sultani. Ni kweli alikuwa na liwali huko. Said bin Salim al-Lamki alikuwa akijulikana kwa cheo hicho. Lakini Unyanyembe ilikuwa na mtemi wake. Mtemi Isike, aliyejilipua ndani ya boma lake Januari 1893 badala ya kutekwa na Wajerumani, hakupigana kwa niaba ya Zanzibar. Alipigania nchi yake.

Hapa ndipo tunapokishika kitabu cha Hertslet. Yeye alikuwa mtunzaji wa nyaraka katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, na kitabu chake kimepangwa kwa majina ya madola. Aliyekuwa dola machoni pa London ana mlango wake. Asiyekuwa dola hana. Msomaji hapati humo mlango wa Unyanyembe, wala sauti ya mtemi, wala ya wafanyabiashara wa Tabora. Kosa la wanaokitegemea peke yake ni kudhani kwamba kisichokuwemo hakikuwepo. Wanazuoni wetu wametufundisha kuwa kukosa kupata hakuthibitishi kukosekana.

NUSKHA YA UPANDE MMOJA

Suala la pili ni lugha. Mkataba ulioandikwa kwa lugha mbili una nuskha mbili, na anayesoma moja amesikia shahidi mmoja. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo. Mfano wake umo katika mkataba huo huo wa 1890. Kifungu chake cha 3 kilihusu mpaka wa kusini mwa Afrika, na zaidi ya miaka 100 baadaye Botswana na Namibia zilishitakiana juu ya kisiwa cha Kasikili, kiitwacho pia Sedudu, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Nuskha ya Kiingereza ilitaja katikati ya mkondo mkuu wa mto. Ya Kijerumani ilitumia neno Thalweg. Mahakama ilibidi iyapime maneno hayo mawili, ikayachukua kuwa na maana moja, kisha ikatafuta ni upi hasa mkondo mkuu. Hukumu ilitolewa tarehe 13 Disemba 1999, na kisiwa kikawa cha Botswana. Hukumu hiyo imo yote katika tovuti ya mahakama, nasi tunamshauri kila mwanafunzi aisome, kwa kuwa ni darsa ya namna ya kuusoma mkataba.

Hapo nuskha ziliafikiana. Kuna mahali hazikuafikiana. Mkataba wa Marekani na Tripoli wa 1796 una kifungu cha 11 katika Kiingereza ambacho hakimo kabisa katika nuskha ya Kiarabu. Jambo hilo lilithibitika katika karne ya 20, baada ya mtaalamu wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, kuisoma nuskha hiyo ya Kiarabu. Maelezo yake yamo katika mkusanyo wa Avalon wa Chuo Kikuu cha Yale, unaosomwa bila malipo.

Basi kwa mikataba ya masultani wa Zanzibar, mtafiti ajue Kiingereza kimesemaje, kisha aulize Kiarabu kimesemaje. Sisi tunaojua Kiarabu tuna wajibu mkubwa zaidi hapa kuliko wengine. Ni aibu kwa mwanafunzi aliyesoma Ajurumiya na Alfiya kungoja mgeni amsomee barua za Barghash.

HAZINA NYINGINE NA KASORO ZAKE

Kwa nyaraka za asili, mahali pa mwanzo ni Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zenye barua za Kiarabu za masultani na kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza. Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zimehifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani. Huko kunahitaji safari, kibali na subira.

Anayebaki Tabora na simu yake mkononi anaweza kufungua mambo matatu. La kwanza ni Qatar Digital Library, iliyofunguliwa mwaka 2014, yenye nyaraka za Ofisi ya India ya Waingereza kuhusu Ghuba na Omani. La pili ni nyaraka za Wizara ya Makoloni ya Ujerumani zilizomo katika Bundesarchiv, mjini Berlin, ambazo nyingi zimewekwa mtandaoni. La tatu ni hazina ya mikataba ya Umoja wa Mataifa, ambayo ndani yake mna pia juzuu 205 za mikataba iliyosajiliwa katika Shirikisho la Mataifa la zamani. Kwa sheria na hukumu za Tanzania yenyewe, ipo tovuti ya TanzLII.

Kasoro ya hazina hizi ni kwamba zimeorodheshwa kwa macho ya waliozikusanya. Anayeandika "Tabora" peke yake atakosa mengi. Ajaribu Kazeh, jina walilolitumia Burton na Speke walipofika mwaka 1857. Ajaribu Unyanyembe, na kwa maandishi ya Kijerumani Unjanjembe na Unjamwesi. Jina la Barghash limeandikwa pia Burghash na Bargasch. Kazi hii haina tofauti na ya muhaddithi anayemtafuta mpokezi mmoja kwa kunia yake, kwa nasaba yake na kwa mji wake.

Tunatahadharisha pia juu ya programu za akili mnemba zinazojibu maswali. Zinaweza kumtajia mtu mkataba, kifungu na tarehe kwa ufasaha mkubwa, na mkataba wenyewe usiwepo. Jibu la namna hiyo lichukuliwe kama uvumi mpaka waraka wenyewe uonekane.

NANI ALIKUWA NA MAMLAKA?

Baada ya kuyapata maandishi na kuyalinganisha, hubaki swali ambalo fiqhi imelizoea: aliyefunga mkataba alikuwa na mamlaka juu ya kitu hicho? Mafaqihi wamezungumza juu ya fudhuli, yaani mwenye kuuza mali ya mwingine bila idhini. Kwa Mashafii, katika kauli iliyo mashuhuri, uuzaji huo ni batili. Kwa Mahanafi na Mamaliki husimama ukingoje ridhaa ya mwenyewe. Hatusemi kwamba makubaliano ya 1886 yahukumiwe kama mauzo ya ng'ombe sokoni, kwa kuwa qiyasi hiyo ina tofauti nyingi. Tunasema swali lenyewe ni sahihi, na mtafiti alibebe kila afunguapo mkataba.

Swali hili si la kale tu. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916. Baada ya vita, kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921, Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, miisho miwili ya reli iliyofuata njia ya misafara, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Mwaka 1961 Julius Nyerere, aliyesoma Tabora, aliukataa mkataba huo: mwenye kukabidhiwa nchi kwa muda hawezi kuitoa sehemu yake milele. Hoja hiyo haimshangazi aliyesoma mlango wa wakfu, maana nadhiri ni mlinzi wa mali, si mwenye mali. Msimamo wa Tanganyika, wa kuipa mikataba ya wakoloni ya nchi mbili mbili muda wa miaka miwili ya kuipitia, unatajwa katika vitabu vya sheria ya kimataifa kwa jina la Nyerere mpaka leo.

TUSIACHE HAZINA YETU

Jambo la kusikitisha ni kuwaona vijana wetu wakiisoma sheria ya mataifa kana kwamba ilizaliwa Ulaya. Imamu Muhammad bin Hasan ash-Shaybani, aliyefariki mwaka 189 Hijria, aliandika juu ya siyar, naye Sarakhsi akaisherehesha Siyar al-Kabir. Maandishi haya yamo katika al-Maktaba ash-Shamila, programu isiyouzwa. Lakini nayo tuitumie kwa akili: ni chombo cha kutafutia, na kurasa zake huenda zisilingane na chapa iliyoko rafuni. Anayenukuu arudi kwenye kitabu.

Katika Hudaybiya, Suhail bin Amr alilipinga neno moja katika waraka, nalo likabadilishwa kabla ya kukubaliana. Sira yetu yenyewe inatufundisha kwamba maneno ya mkataba yana uzito.

La mwisho ndilo zito zaidi. Nyaraka hizi hazitatutetea kila mara. Atakayezifungua atakuta pembe za ndovu zilizopita Tabora, na atakuta watumwa. Mkataba wa Juni 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko yao. Anayesoma juu yake atakuta pia waliohusika wakiwa na majina ya Kiislamu. Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 135, imetuamrisha tusimamishe uadilifu katika ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Mwenye kutafuta nyaraka za kumlaumu Mjerumani pekee, na kuzificha zile zinazomgusa babu yake, anafanya kazi ya wakili, na kazi ya mwanachuoni ni nyingine.

Tunawaomba maimamu wa Tabora, Ujiji na Bagamoyo waligawe jukumu hili kwa wanafunzi wao: mmoja asome Kiarabu cha barua, mwingine ajifunze Kijerumani, mwingine akusanye kwa wazee yasiyoandikwa, kila mmoja ataje alikopata. Na mpaka bayyina itimie, atakayesimama juu ya mimbari asimtuhumu maiti kwa mauzo ambayo hakuna aliyeyaona.

Wabillahi tawfiq.