Pia

Fundi mmoja wa Lamu, alipomaliza kukereza matendegu ya kitanda, aliokota kipande cha mbambakofi kilichobaki, akakifunga kwenye keezo, akaanza upya. Sikumwuliza anatengeneza nini. Patasi ilivyoteremka, mti ukipungua hadi kwisha nchani, niliijua: pia. "Ya mjukuu," akasema, kama anayejitetea.

Zetu za utotoni tulizichonga kwa kisu chini ya mwembe, na karibu zote zilielemea upande. Pia haifichi aibu ya aliyeichonga: huyumba, hukwaruza mchanga, huanguka. Ya kaka yangu tu ndiyo iliyokuwa sawa. Siku tatu aliisugua kwa kigae cha chungu. Ya nne akaizungushia ugwe, akauvuta, nayo ikasimama kwa ncha, ikizunguka hata ungedhani imetulia. Ukitega sikio, unasikia mvumo tu.

Kwa hiyo mwalimu wa hisabati alipochora umbo lenye kitako cha duara na ncha moja juu, akaandika "pia", darasa zima lilimsahihisha: mwalimu, umeipindua!

Wagiriki waliliita umbo hilo konos, tunda la msonobari. Waarabu wakaliita makhrut, kilichokerezwa: jina lililotoka kwenye keezo, lingali na vumbi la mbao. Na Euclid alipotaka kulieleza, aliishika pembetatu mraba kwa upande mmoja uliosimama, akaizungusha. Fundi wangu hajamsoma Euclid, lakini angemwelewa. Apollonius wa Perga aliliandikia vitabu vinane. Vitatu vimesalimika kwa Kiarabu tu, na cha nane kimepotea. Hata cha kuandikwa hupotea, sembuse cha kuchongwa.

Jioni mjukuu akaja na mkoba wa shule.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wajua pia ni nini?"

Mtoto akanyooka, akatoa jibu kwa pumzi moja: ujazo wake ni theluthi moja ya eneo la kitako mara kimo. Sahihi kabisa. Babu akampa ile ya mbambakofi, bado ina joto la keezo. Mtoto akaigeuzageuza, akaisifu ilivyo laini, kisha akaiweka juu ya meza kama ilivyo kitabuni: kitako chini, ncha juu.

Ikakaa hapo, imetulia. Ugwe ulibaki mkononi mwa babu.