Kuhesabu Kasa, Kaa na Watu Ufuoni

Mtu akikwambia ufuo wao umepata viota vingi vya kasa msimu huu, muulize kwanza: mlipita usiku mara ngapi? Idadi ya viota bila idadi ya doria haisemi kitu. Wanaotaka kuufuatilia ufuo wa Shelly Beach, pale Likoni, Mombasa, waanzie hapo.

Mfano uko Watamu. Tangu 1997, kazi ambayo leo iko chini ya shirika la Local Ocean Conservation imekuwa ikiwatoa watu usiku kutafuta kasa wanaopanda kutaga. Macho yao yako kwenye mburuzo mchangani. Kasa wa kijani husukuma mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo alama za pande zote mbili hulingana, na upana wake hukaribia mita moja. Kasa aina ya ng'amba huyapishanisha, na mburuzo wake ni mwembamba zaidi. Lakini mburuzo peke yake si kiota. Kasa akishtuliwa na taa au kelele hugeuka akarudi majini bila kutaga, na safari hiyo tupu nayo yafaa iandikwe, kwani ndiyo inayoonyesha usumbufu wa binadamu. Tena viota si idadi ya majike: mmoja hutaga mara kadhaa katika msimu, kisha huenda akakaa miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kutaga tena.

Mpango wao wa pili unataka uangalifu zaidi. Mvuvi aliyenasa kasa bila kukusudia hupiga simu. Kasa hupimwa, huvishwa kibao cha nambari kwenye pezi, kisha huachiliwa, na mvuvi hupewa fedha kidogo za kumfidia. Naiheshimu sana kazi hii, imeokoa maelfu ya kasa. Hata hivyo simu zikiongezeka, huenda kasa wameongezeka, au wavuvi walioujua mpango ndio wengi, au nyavu ndizo zilizozidi. Ya tatu ni habari mbaya, na bila kumbukumbu za nyavu huwezi kuitenga na ya kwanza.

Shelly Beach ni ufuo wa watu. Uko kusini tu mwa mlango wa bandari ya Kilindini, na wikendi na Idi hujaa. Hapo kipimo rahisi kuliko kasa ni mashimo ya kaa wa mchangani. Utafiti uliochapishwa 2001 kuhusu fuo za Australia ulionyesha kuwa mashimo hayo hupungua penye shughuli nyingi za binadamu, na tangu hapo njia hiyo imetumika kwingi duniani. Hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya kamba na daftari.

Mtego wake ni maji. Mombasa, siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi; siku za maji mafu, saa hizo hizo ndipo yanapojaa. Kundi linalokwenda kila Jumamosi saa nne litakuta ufuo mpana wiki moja na mwembamba wiki inayofuata, na litadhani kaa wamekufa. Kwa hiyo saa ifuate kupwa kwa maji, si mkono wa saa, na Jumamosi ya bamvua ilinganishwe na siku ya kazi ya bamvua hiyo hiyo.

Ningechagua vipande viwili vya mita 100, kimoja penye wageni wengi na kingine penye utulivu, na nisivihamishe hata kingine kikionekana kizuri zaidi. Watu wahesabiwe kwanza, kutoka mbali, ndipo mtu ashuke kwenye mashimo, maana kila anayeingia na kamba huwavuta watoto nyuma yake. Upepo mkali uandikwe, kwani hufukia matundu. Na siku ambayo hakuna kilichoonekana, sifuri iandikwe kwa tarehe yake na jina la aliyepita. Wanaojitolea wengi huiruka siku hiyo kwa kuona haya kurudi mikono mitupu, na pengo hilo baadaye hakuna anayeweza kulitofautisha na siku ambayo hakuna aliyekwenda.