Ushairi Kiganjani, Sauti Iko Wapi?

Wako wanaosema kuwa simu imeua ushairi. Mimi si miongoni mwao. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, akatia sauti yake katika santuri. Santuri zile zilirudi Pwani zikawa chuo: mtu asiyepata kumwona Siti hata siku moja aliweza kuusikiliza wimbo, akaurudia, akaukosea, akaurudia tena. Baadhi ya sauti hizo leo zinasikika kwenye intaneti. Chombo, basi, hakina lawama.

Lawama yangu ni juu ya tunachokipakia. Chukua Malenga Wapya, diwani ya TAKILUKI iliyosomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini. Aghalabu kijana wa Unguja hukutana na uchambuzi wake katika simu kabla ya kuiona diwani yenyewe. Uchambuzi huo huzunguka mkono kwa mkono, hauna jina la aliyeuandika, nao una sura moja tu: dhamira, ujumbe, falsafa, muundo, mtindo. Mishororo imehesabiwa, vina vimetajwa, na shairi halimo! Nilimkuta kijana mmoja Darajani akijitayarisha kwa mtihani kwa njia hiyo. Dhamira alizitaja zote bila kusita. Nikamwomba anighanie ubeti mmoja, wowote aupendao. Alinitazama kana kwamba nimemwomba acheze ngoma katikati ya soko.

Mizani haikai machoni, wasomaji wapenzi. Shairi la mizani kumi na sita hukatika nane kwa nane, na mghani hupumua pale kinapotua kina cha kati. Anayesoma kimya huipita mizani iliyozidi asiitambue. Anayeghani, ulimi humkwama, akajua kosa liko wapi bila ya kuambiwa na mtu.

Hata kazi njema zaidi ina pengo hilo. Chuo cha SOAS, London, kimehifadhi miswada mingi ya tenzi kwa hati za Kiarabu, na sehemu ya hazina hiyo imewekwa kwenye intaneti. Aliyeko Malindi sasa anaweza kuikuza herufi iliyofifia akaisoma. Ni neema kubwa, nami nimefaidika nayo katika tafsiri zangu. Lakini tenzi zile ziliandikwa zipate kusomwa kwa sauti mbele ya watu, na picha ya karatasi ni bubu.

Simu hiyo hiyo ina kinasa sauti. Mwalimu aghani beti mbili, wanafunzi wazisikilize, kisha kila mmoja anase zake na wenziwe wamsikie alipopungukiwa. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu. Ya mwalimu, ikiwekwa juu ya meza, yatosha. Na asiyejua mahadhi asione haya kwenda mashamba na simu yake kwa wazee wanaoyajua, maana kila tunapomzika mmoja wao, huenda tunazika na mahadhi ambayo hakuna mwengine aliyeyashika.